Istilahi: Mtegemea Serikali

Katika sheria ya uhamiaji ya Marekani kuna istilahi ya maneno mawili, "public charge", ambayo ikifasiriwa vibaya humnyima mtoto chakula. Neno lake la pili lina maana nyingi: ada, shtaka, chaji ya betri, na pia mtu aliyekabidhiwa mwingine amtunze. Sheria inakusudia hiyo ya mwisho. Mfasiri mwenye haraka huandika "malipo ya umma" au, vibaya zaidi, "shtaka la umma". Mama kutoka Uvira, Kongo, anayewaombea stempu za chakula watoto wake waliozaliwa huko Marekani, akiliona neno shtaka, ataiacha fomu mezani. Wasomaji kama yeye ni wengi, kwa kuwa Wakongo ni miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa Marekani katika miaka ya karibuni, na wengi wao husema Kiswahili.

Dhana hii ilikuwamo katika sheria ya mwaka 1882, iliyomzuia kuingia mtu asiyeweza kujitunza bila kuuelemea umma. Leo swali huulizwa mtu anapoomba viza ya kuhamia au kadi ya kijani: je, huyu huenda akaishi kwa kuitegemea hasa serikali? Mwongozo wa 1999 ulihesabu fedha taslimu za kujikimu na matunzo ya muda mrefu katika taasisi kwa gharama ya serikali. Februari 2020 zikaongezwa stempu za chakula, sehemu kubwa ya Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na msaada wa nyumba. Machi 2021 zikaondolewa. Kanuni iliyoanza kutumika Desemba 2022 ilirudi karibu na mwongozo wa 1999, na haikumhesabia mzazi msaada anaoupata mwanawe. Wakimbizi na waliopewa hifadhi hawapimwi kwa kipimo hiki kabisa. Kustahili msaada ni jambo jingine, lenye sheria zake, na watu huyachanganya mawili haya kila siku.

Wapo wanaosema "mzigo wa umma". Maana imo, lakini kumwita mtu mzigo ni kumtukana, na fomu ya serikali haina haki hiyo. "Mtegemezi wa serikali" ni afadhali, ila fomu zilezile huuliza idadi ya wategemezi, yaani watoto na wazee wa kaya, na msomaji atachanganyikiwa. Mimi nachagua "mtegemea serikali". Umbo hilo tunalo tangu zamani katika methali ya mtegemea cha nduguye: ni mtu ambaye riziki yake yote iko mkononi mwa mwingine. Aliyepokea stempu za chakula huku akifanya kazi kiwandani hajafika huko.

Wakalimani wenzangu, acheni "shtaka" leo hii. Nawe unayeomba, kanuni hizi hubadilika. Usiiache fomu kwa hofu kabla ya kumuuliza wakili wa uhamiaji.