Kioo si Nakala

Mashairi ya Muyaka bin Haji yangeweza kupotea. Mshairi huyu wa Mombasa, aliyeishi zama za Wamazrui na kufariki karibu na mwaka 1840, hakuwahi kuona kitabu chenye jina lake. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu, na kila mzee aliyezikwa alikwenda na beti zake. Waliotuokolea ni wawili: Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa hapa hapa Mombasa aliyefariki 1890, ambaye alizijua na kuzikusanya, na W. E. Taylor, mmishonari wa Kiingereza, aliyezipokea kwake na kuzihifadhi. Mwaka 1940, William Hichens akazichapisha Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka. Makaratasi ya Taylor yenyewe yako London, katika maktaba ya SOAS.

Hadithi hii ina mafunzo mawili. La kwanza, nakala huokoa. La pili, nakala ikikaa kwa mwingine, wewe mwenye mali ndiye unayebisha hodi. Mimi huyakumbuka yote mawili kila mtu anaponiletea simu yake na kuniuliza: nikizima hili wingu, namba zangu zitabaki?

Swali hilo lina historia ndefu kisiwani kuliko simu zenyewe. Mji wa Kale ni mji wa watu walio kwingine. Jahazi ziliingia bandari ya zamani na kaskazi, zikarudi na kusi, na baina ya misimu hiyo miwili mtu aliishi na barua moja kutoka Maskati au Lamu. Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulipita chini ya bahari kutoka Unguja hadi Mombasa, na habari iliyongoja upepo ikawa inafika siku hiyo hiyo. Kisha ikaja posta na masanduku yake. Mpaka leo anwani yetu si mlango wa nyumba, ni S.L.P. na 80100, na nyumba nzima, wakati mwingine mtaa mzima, hupokea barua kwa sanduku la mtu mmoja.

Simu za mezani nazo zilikuja na daftari. Lilikaa pembeni ya simu, jalada limelainika kwa mikono. Namba za Mombasa zilianza na 011, baadaye zikawa 041, na katika madaftari ya zamani utaona wino wa rangi mbili: namba ya kale imepigwa mstari, mpya imeandikwa juu yake. Daftari halikufuta kitu. Hata marehemu alibaki na namba yake, na aliyefungua ukurasa ule alimrehemu kwanza kabla ya kuendelea.

Mwaka 2000, Safaricom na Kencell zilipoanza kushindana, majina yakahamia kwenye laini. Laini ilibeba majina mia mbili na hamsini hivi, mafupi mafupi, lakini ilikuwa mkononi mwako. Ukiitoa simu hii ukaitia ile, watu wako wanakuja nawe. Mwaka 2011 Safaricom ikauza Ideos ya Huawei kwa shilingi elfu nane hivi, na wengi wetu tukafungua akaunti ya Google kwa mara ya kwanza si kwa sababu tuliitaka, bali kwa sababu simu iliuliza. Mwaka huo huo Apple ikaleta iCloud. Hapo ndipo majina yalipoondoka nyumbani. Nyaya za TEAMS na SEACOM, zilizotia nanga Mombasa 2009, zikawa ndizo jahazi zake.

Sasa nije kwa halati yangu. Anakaa Kibokoni. Mwanawe, aliye Maskati, alimtumia simu nzuri, na ili mama asisumbuke akaifungua kwa akaunti yake mwenyewe. Simu ilipofika, halati akakuta majina mia kadhaa ya watu asiowajua: wateja, madereva, ofisi. Akaketi barazani na tasbihi yake, akawafuta mmoja mmoja kwa siku mbili. Siku ya tatu mwanawe akapiga simu, sauti haitulii: wateja wake wote wamepotea.

Kumbe hawakuwa na orodha mbili. Walikuwa na moja, inayotazamwa kutoka miji miwili. Hii ndiyo maana ya kile ambacho simu zenye Kiswahili huita kusawazisha. Ni kioo: ukijifuta uso hapa, na kule umefutika. Nakala ni kitu kingine. Nakala haijui ulichofanya leo, na uzuri wake uko hapo. Watu wengi hudhani wingu ni nakala, kwa hivyo hufuta kwa moyo mkunjufu.

Bahati ilikuwa moja: Google huyaweka majina yaliyofutwa kapuni kwa siku 30. Binamu yangu akayarudisha yote. Lakini halati akanipa simu, akasema, "Mwanangu, n'tolea haya mambo. Lakini watu wangu wasinipotee."

Watu wake hao ni nani? Fundi bomba. Mwanamke wa Kuze anayempikia vitumbua. Nduguye wa Unguja aliyebadilisha namba mara tatu. Shoga yake wa Dubai, wa tangu madrasa. Hakuna buku la simu litakalokurudishia hao.

Kilichoweza kumpoteza si kuzima, ni mpangilio. Kwenye Android, namba zilizo chini ya akaunti ni mali ya akaunti. Ukiiondoa akaunti kwenye simu, zinaondoka nayo. Kwenye iPhone, ukizima majina ya iCloud, simu hukuuliza uyabakize au uyafute, na mtu mwenye haraka hubonyeza lolote.

Basi tulianza na nakala. Katika programu ya namba tulichagua yaliyo yake tu, tukayatoa kama faili moja yenye mkia wa vcf. Muundo huo ulipendekezwa 1995 na kampuni zikiwemo Apple, IBM na Siemens, na mpaka leo karibu kila simu huusoma. Ni daftari lisilojali chapa. Faili hilo tulilitia kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye kompyuta yangu, maana nakala inayokaa ndani ya simu ile ile huibwa pamoja na simu. Kisha tukaliingiza tena, safari hii tukichagua lihifadhiwe kwenye simu yenyewe, si kwenye akaunti. Tukahesabu. Tukafungua majina matano, tukatazama kama namba zimekuja kamili. Baada ya hapo tu ndipo tulipozima kusawazisha, na mwisho kabisa tukaitoa akaunti ya mwanawe. Tukapanga pia namba mpya zihifadhiwe kwenye simu, la sivyo angerudi kule kule siku atakapofungua akaunti nyingine.

Binamu alipewa kazi yake kule: kuyafuta ya mamake kwenye akaunti. Kuzima hakufuti yaliyokwisha kwenda. Na afute baada ya mama kuwa na nakala, si kabla.

Kuna atakayesema haya ni mazito kwa orodha ya namba. Simu ikianguka baharini Forodhani, si wingu ndilo litakalomwokoa? Ni kweli, na sina ugomvi na wingu. Bila London tusingekuwa na Muyaka wote tulio naye. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaja kufafanua, na namba zilizo ndani ya simu yangu karibu zote si zangu. Ni za watu walionipa mimi. Kwa lugha ya hapa, hiyo ni amana, na mwenye kubeba amana hana budi kujua ameiweka wapi.

Halati sasa ana namba zake kwenye simu, faili kwenye kadi, na daftari jipya la kurasa mia alilolitaka mwenyewe. Ameanza na waliokufa. Anasema hao ndio hawatampigia kumkumbusha kwamba amewafuta.