Wazee Walijua Nini Kuhusu 20W-50

Muulize fundi yeyote wa Nairobi aliyezidi miaka hamsini ni oili gani ya kuweka kwenye gari la zamani. Atakujibu kabla hujamaliza swali: 20W-50. Pale Kirinyaga Road, mahali ambapo watu bado wanapaita Grogan, jibu hilo linatolewa kama salamu. Sisi tuliolelewa na Vitz na Fit za kutoka Japani tunacheka. Magari yetu yanakunywa 0W-20, oili nyepesi kama chai ya rangi, na tunaona kwamba wazee wamekwama tu kwenye mazoea yao.

Mimi nimeacha kucheka. Nambari hiyo ina historia, na gari la kutusimulia liko: Datsun 240Z.

240Z ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969. Ni gari la michezo lenye boneti ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, na kabureta mbili. Huku kwetu ilipata jina kwenye matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally, wakati huo mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye kwenye 240Z. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda akiwa na Lofty Drews. Alilingana alama na Harry Källström, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Hebu fikiria maelfu ya kilomita, msimu wa Pasaka mvua ikinyesha, kisha unashuka kwenye joto na vumbi. Injini iliyopita hapo ilihitaji oili ambayo haigeuki maji ikipata moto.

Sasa tuzisome hizo nambari. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianza kupanga oili kwa uzito wake mwaka 1911. Enzi hizo oili ilikuwa na nambari moja tu, na ilikuwa na tabia ya samli: baridi inaigandisha, moto unaifanya majimaji. Watu wa nchi za barafu walilazimika kubadilisha oili kila majira yakibadilika. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa miaka ya 1950, zikaenea oili za nambari mbili. Ndani yake kuna molekuli ndefu zinazojikunja kwenye baridi na kujikunjua kwenye joto, ili oili isipoteze uzito wake wote injini ikichemka.

Nambari ya kwanza, ile yenye W, ni ya baridi kali. Siku hizi 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na 0W kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Nairobi hata Julai ikituonea haifiki hapo. Kwa hivyo tofauti inayowaumiza kichwa watu wa Ulaya wakati wa theluji, kwetu ni ndogo. Nambari ya pili ndiyo yetu: uzito wa oili kwenye nyuzi 100, injini ikiwa moto. Oili ya 20 ina kati ya sentistoki 6.9 na 9.3. Ya 50 ina kati ya 16.3 na 21.9. Yaani ile ya wazee ni nzito zaidi ya mara mbili.

Uzito huo una kazi. Kati ya beringi na shafti kuna nafasi nyembamba, na chuma hakigusi chuma kwa sababu oili imejaa humo. Miaka 50 ya kusagika hupanua nafasi hiyo. Oili nyepesi ikipata moto hutorokea pembeni, presha inashuka, na vyuma vinaanza kukutana. Halafu kabureta zisiporekebishwa vizuri humwaga petroli nyingi kuliko inayohitajika. Nyingine huteremka hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwenye nambari. Kamshafti ya 240Z inasukuma roka kwa kuziteleza juu yake, bila magurudumu madogo kama ya injini nyingi za sasa. Kinachoilinda ni kiungo chenye zinki na fosforasi kilichoanza kutiwa kwenye oili miaka ya 1940. Lakini fosforasi huharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Ndiyo maana viwango vya Marekani vya mwaka 2004 viliishusha hadi asilimia 0.08 kwenye oili nyepesi, kama 5W-20 na 10W-30. Nzito, kama 20W-50, hazikubanwa hivyo. Mzee wa Grogan huenda hajawahi kusoma viwango hivyo, ila mkebe anaokuelekeza mara nyingi ndio wenye dawa.

Je, nzito ndiyo bora siku zote? Hapana. Rafiki yangu alirithi 240Z ya babake, na mwaka jana nilimsindikiza kununua oili. Muuza duka alisifia 0W-20 kwa sababu ndiyo ya kisasa na ghali. Tulipomuuliza fundi, hakutaja nambari yoyote.

"Kijana," alisema, "usiniambie gari ni la mwaka gani. Niambie geji inasoma ngapi likiwa moto."

Tukaliendesha hadi Limuru na kurudi. Kipimo cha mafundi wengi ni takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Letu, likiwa na 15W-40, lilikuwa chini ya hapo. Fundi akasema basi, weka 20W-50. Akaongeza kwamba injini ingekuwa imefanyiwa ovahoo na nafasi zake kurudi zilivyotoka kiwandani, angeiacha 15W-40. Oili nzito kupita kiasi hupandisha geji na kukufurahisha bure: presha ni kubwa kwa sababu oili inapita kwa shida, na asubuhi inachelewa kufika kwenye kamshafti juu kule.

Hilo si jambo dogo. Kamshafti ya gari hili huipati ukipitapita madukani, unaiagiza ng'ambo na kusubiri. Tangu 2003 mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yamerudisha mashine kama hizi barabarani. Zinazobaki uani chini ya turubai zinategemea maarifa ya mafundi wanaozeeka, na mengi hayajaandikwa popote.

Kwa hivyo ukirithi gari la zamani, soma kitabu chake kwanza, kisha lipashe moto na uangalie geji. Halafu nenda Grogan na umuulize mzee kwa nini anasema 20W-50, na ubebe kalamu. Fit zetu nazo zitazeeka, na kuna mtoto atakayecheka akisikia 0W-20.