Geel: Ruzuku Nyuma ya Ukarimu

Kamati ya UNESCO ilipokutana Kasane, Botswana, Desemba 2023, iliuingiza mji mdogo wa Geel, kaskazini mwa Ubelgiji, katika rejesta yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Urithi wenyewe si ngoma wala jengo. Ni desturi ya familia za kawaida kuishi na wagonjwa wa akili wasio ndugu zao: wanakula nao meza moja, wanawapa chumba, na pengine mzazi akifariki mtoto wake humrithi mgonjwa pamoja na nyumba. Wasimulizi wengi huanza na mtakatifu na kuishia kwenye wema wa watu. Daftari la malipo hawalifungui, na humo ndimo yalimo mengi.

Mtakatifu, hata hivyo, harukiki. Masimulizi yanamtaja Dimpna, binti mfalme wa Ireland aliyemkimbia baba yake, mfalme aliyerukwa na akili akataka kumwoa. Baba akamfuata hadi Geel, akamkata kichwa. Wagonjwa wakaanza kuhiji kaburini kwake, na kanisa lililoanza kujengwa karne ya 14 baadaye likaongezewa chumba cha kuwalaza kwa siku 9 za sala. Chumba kilipojaa, au sala zisipoleta nafuu, makasisi waliwapeleka kwa wakulima wa jirani. Chakula na malazi vililipiwa na jamaa wa mgonjwa, au na mji aliotoka. Ukarimu huo ulikuwa na bei tangu zamani, na sioni kwa nini jambo hilo lionewe aibu.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliwaondoa makasisi, lakini biashara, tukiweza kuiita hivyo, ilibaki. Mwaka 1803, Ubelgiji ikiwa chini ya Ufaransa, Doulcet de Pontécoulant, mkuu wa jimbo la Dyle lenye makao yake Brussels, aliamuru wagonjwa wa akili wa Brussels wahamishiwe Geel kwa gharama ya umma. Miji mingine ikafuata. Kwa upande wa wakulima hesabu haikuwa ngumu: eneo la Kempen, ilipo Geel, lina ardhi ya mchanga isiyozaa sana, na kwa mkulima wake jozi moja zaidi ya mikono shambani na fedha taslimu isiyotegemea mvua vilikuwa na maana kubwa.

Ubaya nao ulikuwepo. Waliodhaniwa wangetoroka walitiwa pingu za miguu, na wapo waliofanyishwa kazi kuliko walivyolishwa. Esquirol, tabibu mashuhuri wa Paris, alifika mwaka 1821, na baada yake wataalamu wa Ulaya walibishana kwa miongo kadhaa. Joseph Guislain wa Ghent hakupendezwa: kwake mgonjwa alistahili hospitali iliyopangwa vizuri, si zizi la mkulima. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi.

Sheria ya Ubelgiji ya 1850 iliiweka Geel mikononi mwa dola. Wakaja madaktari wa serikali, wakaguzi wa nyumba na, mwaka 1862, hospitali ndogo ya kumchunguza mgeni kabla hajapelekwa kwa familia. Viwango vya malipo vilipangwa kwa usafi: anayejisaidia kitandani alilipiwa zaidi kuliko anayejimudu. Kigezo hicho kinachekesha na kinauma, lakini kina ukweli wake, maana kilipima kazi ya mwenye nyumba, hasa mama anayefua mashuka, kuliko jina la ugonjwa. Familia mara nyingi hazikuambiwa jina hilo hata kidogo.

Sifa zilienea. Baba yake Vincent van Gogh alikusudia mwaka 1880 kumpeleka mwanawe huko, jambo ambalo halikutimia. Lierneux, upande wa Wabelgiji wanaozungumza Kifaransa, ilianzisha mpango kama huo mwaka 1884. Barani Afrika, Thomas Adeoye Lambo alianzisha Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954: mgonjwa alikuja na ndugu yake, wakapanga chumba kijijini, akatibiwa mchana na kulima. Tanzania huru nayo ilijaribu vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, Hombolo kule Dodoma na Vikuruti jijini Dar es Salaam vikiwa miongoni mwake. Hapo mgonjwa alipewa kijiji badala ya kaya, na mzigo ukabaki kwa hospitali mama.

Geel yenyewe ilifikia kilele mwaka 1938, ikiwa na wagonjwa 3,736. Leo hawafiki 300. Trekta imepunguza haja ya mikono, wanawake wanafanya kazi nje ya nyumba, dawa zilizokuja tangu miaka ya 1950 zinawawezesha wengi kukaa kwao. Posho ya kila siku wanayopewa wenyeji ni ndogo. Hakuna anayetajirika nayo, na hajapata kutokea.

Gharama kubwa iko kwingine. Muuguzi hupita nyumba kwa nyumba, daktari hupatikana, na usiku mwenyeji anapozidiwa kuna kitanda hospitalini ambako mgonjwa wake atapokelewa bila mabishano. Kitanda hicho hulipiwa na umma hata kikilala kitupu.