Roboti Kwenye Mfuko

Kwa miaka kadhaa, kila Februari, wanafunzi wa sekondari huko Marekani walikuwa wanafanya kitu cha ajabu. Wanachukua roboti waliyoikesha, wanaitia kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, wanaufunga kwa lakiri yenye namba, halafu mtu mzima anatia sahihi. Saa sita usiku ikigonga, kimsingi hakuna kuigusa tena hadi siku ya mashindano.

Haya ni mashindano ya FIRST, ya yule mvumbuzi Dean Kamen. Yalianza 1992 na timu 28 tu, kwenye jimu ya shule moja New Hampshire. Baadaye utaratibu ukazoeleka: mchezo unatangazwa Januari, unapewa wiki sita na ushee, basi. Enzi za kwanza roboti zilipakiwa kwenye makasha na kusafirishwa, kwa hivyo hata ungetaka ujanja, ungeanzia wapi? Kitu kiko kwenye lori.

Wazo lilikuwa safi. Pesa hazilingani, karakana hazilingani, lakini wiki sita ni wiki sita kwa kila mtu. Ama?

Timu zenye hela ziliunda roboti mbili. Moja inaingia mfukoni, pacha wake anabaki karakana, na madereva wanajifua naye hadi Machi. Sheria haikukataza. Tena iliruhusu kuja na vipuri vya hadi pauni 30, kama kilo 13 na nusu, ambavyo havikufungiwa. Mwenye roboti moja alibaki kutazama plastiki.

Mimi kabla sijaacha chuo, maabara yetu ilifungwa saa kumi na moja jioni kwa wote. Usawa, tuliambiwa. Wenye laptopu kali waliendelea hosteli. Mimi nilingoja asubuhi. Kwa hivyo hapa nina upande, sifichi.

Kuanzia msimu wa 2020 FIRST ikaufuta mfuko. Kuna walimu wa kujitolea waliolalamika, na si kwamba walikuwa wanapiga domo: zile wiki sita ndizo zilizowarudisha nyumbani kwa watoto wao. Bila kikomo, nani atamwambia mwenzake leo tulale? Jaribio lenyewe halikupata hata msimu mzima, manake Machi corona ilisimamisha kila kitu.

Lakini mimi huwakumbuka zaidi wasichana sita wa Herat, Afghanistan, waliokwenda Washington mwaka wa 2017 kwa FIRST Global, mashindano mengine ya huyohuyo Kamen. Visa walinyimwa mara mbili kabla ya kuruhusiwa. Vipuri vyao vilikwama forodhani, wakabaki na wiki kama mbili za kuunda, huku wenzao wengi wakiwa na miezi. Hakuna sheria ya mashindano iliyowapunja hiyo saa. Walirudi na medali ya fedha, ya ujasiri. Ya ujasiri, si ya roboti.