Taa ya injini iliyozaliwa na moshi wa Los Angeles

Julai 1943, wakazi wa Los Angeles walidhani mji wao umeshambuliwa. Ukungu wa rangi ya kahawia ulishuka mchana kweupe, macho yakawasha, koo zikakereketa, na mtu hakuweza kuona mbali. Vita vilikuwa vimepamba moto na Wajapani walikuwa wameshapiga Pearl Harbor, kwa hiyo wapo walioamini kuwa hiyo ni gesi ya adui. Kiwanda kilichokuwa kikitengeneza kemikali ya mpira bandia kikanyooshewa kidole na kufungwa kwa muda. Ukungu ukabaki palepale.

Ile taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, ambayo dereva wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala akiiona imewaka huanza kupiga hesabu za fundi, asili yake ni ukungu huo. Wengi wetu tunaiona kama mlinzi wa injini. Walioitungia sheria walikuwa wakifikiria mapafu ya watu walio kando ya barabara. Anayelijua hilo hatashangaa taa ikiwaka wakati gari linakwenda vizuri tu, wala hatadhani kwamba namba inayosomwa kwenye mashine ni jina la kipuri cha kwenda kununua.

Aliyetegua kitendawili cha Los Angeles ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Utrecht, Uholanzi, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Caltech, Pasadena, na kuchunguza kinacholipa nanasi harufu yake. Ujuzi wa kunasa harufu ya tunda akaugeuzia hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua, ukikutana na oksidi za nitrojeni chini ya jua, hutoa ozoni na kemikali nyingine zinazochoma macho. Kipimo chake kimoja kilikuwa vipande vya mpira vilivyokunjwa: ozoni ikizidi, mpira hufanya nyufa upesi. Mtuhumiwa mkuu sasa akawa gari.

Watengenezaji hawakukubali kirahisi. Mwaka 1953 Kenneth Hahn, kiongozi wa kuchaguliwa katika Kaunti ya Los Angeles, aliiandikia kampuni ya Ford kuuliza inafanya nini kuhusu moshi huo. Akajibiwa kwamba wahandisi wanaona mvuke wa ekzosi hutawanyika upesi hewani na hauleti tatizo. Hahn hakuchoka; aliendelea kuwaandikia watengenezaji hadi miaka ya 1960. Mwaka 1969 serikali ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wakubwa kwa kula njama ya kuchelewesha vifaa vya kupunguza moshi, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Kwangu mimi, ukali wa sheria zilizofuata unaeleweka hapo. Watu walikuwa wameomba kwa adabu muda mrefu mno.

California iliunda bodi yake ya hewa mwaka 1967, Haagen-Smit akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1970 bunge la Marekani likapitisha sheria ya hewa safi iliyotaka uchafu mkubwa wa ekzosi upunguzwe kwa asilimia 90. Magari ya mwaka 1975 yakaanza kufungwa masega: kauri yenye vitundu vingi, iliyopakwa madini ya thamani kama platinamu, ambayo hugeuza gesi za sumu kuwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi.

Masega yana deko. Yale ya baadaye, yanayosafisha na oksidi za nitrojeni pia, hufanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko unapokaribia uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, na kabureta haiwezi kushika kipimo hicho barabarani. Ikabidi iwekwe sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ambayo Bosch iliileta sokoni mwaka 1976, na kompyuta ya kuisikiliza na kurekebisha petroli kila mara. Kufikia 1981 General Motors ilikuwa imefunga kompyuta kwenye magari yake ya petroli nchini Marekani, na pamoja nayo taa ya kumwambia dereva kwamba kompyuta imeona kasoro.

Kusoma kasoro hizo hakukuhitaji mashine. Fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi iliyo chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga stati, kisha akahesabu jinsi taa inavyokonyeza. Ikikonyeza mara moja, ikatulia, kisha mara mbili, hiyo ni 12. Toyota nayo ilikuwa na kisanduku chake chini ya boneti, fundi akiunganisha matundu ya TE1 na E1, na taa ikikonyeza mfululizo bila kutulia maana yake hakuna kasoro iliyoandikwa.

Lakini kila kampuni ilikuwa na soketi yake na namba zake. Sheria ya kwanza ya California kuhusu kompyuta hizo, iliyoanza na magari ya 1988, haikugusa hilo, na iliridhika na kuangalia kama nyaya na sensa zinajibu. Masega yangeweza kufa kabisa na taa isiwake, kwa sababu gari lenye masega yaliyokufa linavuta kama kawaida. Ndipo ukaja mfumo wa pili, uliowalazimu wauzaji wa magari madogo yote nchini Marekani kuanzia 1996: soketi moja ya matundu 16, karibu na usukani, na namba zenye maana moja kwa kampuni zote. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Mashine ndogo ya bei nafuu inayozungushwa leo gereji kwa gereji inawezekana kwa sababu ya amri hiyo.

Amri hiyo ilikwenda mbali zaidi ya soketi. Kwa magari ya petroli, kwa jumla, taa iwake pale kasoro inapoweza kufanya uchafu uvuke mara 1.5 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kasoro nyingi lazima zionekane katika safari mbili kabla taa haijawaka. Injini ikikosa moto kiasi cha kuweza kuunguza masega, taa isikae tu, ikonyeze. Hapo dereva apunguze mwendo mara moja na asiendelee na safari.

Chukua P0420, namba inayowatia watu hasara kila siku. Sensa moja ya oksijeni iko kabla ya masega, nyingine baada yake. Ya kwanza hupanda na kushuka. Ya pili, masega yakiwa hai, hutulia. Ya pili ikianza kuiga ya kwanza, kompyuta huandika P0420. Kilichoonekana ni hicho tu. Ekzosi inayovuja karibu na sensa inaweza kuleta picha hiyohiyo. Au P0171, yaani hewa imezidi petroli: mpira wa hewa uliopasuka, pampu dhaifu, kipima hewa kichafu, vyote vinaishia kwenye namba moja. Mteja anauziwa sensa mpya ya oksijeni, na ile iliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikisema kweli. Fundi mwaminifu akishapata namba, anaanza kupima.

Kwetu masega yalipata mikosi miwili. Wa kwanza ulikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli, ambayo huyafunika masega na kuharibu sensa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 ikawa imeachwa karibu kote. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, magari yalishuka bandarini na masega yao yakaenda kulishwa sumu. Mkosi wa pili tunaufanya wenyewe: masega hukatwa na kuuzwa kwa ajili ya madini yake, kisha sensa ya pili hutegwa ili idanganye, au taa hunyamazishwa. Inaniuma, kwa sababu anayevuta moshi huo ni mama ntilie aliyeweka meza yake kituoni na mtoto anayesubiri basi la shule.

Yupo pia mwenye Corolla ya zamani iliyouzwa kwanza Japani, anayechomeka mashine kwenye soketi ya matundu 16 na asipate jibu, akadhani kompyuta imekufa. Huenda ni nzima. Sheria ya Marekani haikuyahusu magari yaliyouzwa Japani, kwa hiyo mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana umbo la soketi ileile ila yanazungumza lugha ya kiwandani kwao. Kwa Toyota nyingi za aina hiyo, fundi anaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya, anawasha swichi bila kupiga stati, na kuhesabu taa inavyokonyeza.