Mwalimu Aliyepewa Nchi

Ewe ndugu msomaji, sisi tuliozoea kukaa mbele ya wanafunzi tuna maradhi yetu: twasema, na hapana anayejibu. Basi tega sikio nikupe habari za mwalimu wa dini aliyekabidhiwa dola.

Indonesia, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi wa pwani, ilitawaliwa na Jenerali Suharto zaidi ya miaka 30, hata akajiuzulu Mei 1998. Juni 1999 raia wakapiga kura kwa uhuru. Oktoba 20 mwaka huo Baraza Kuu likamchagua Abdurrahman Wahid, mjukuu wa Sheikh Hasyim Asy'ari, mmoja wa waasisi wa jumuiya ya Nahdlatul Ulama. Alikuwa mtu wa elimu na mzaha, na macho yake karibu yalikuwa hayaoni.

Tazama mzigo wake. Bungeni chama chake kilikuwa na viti 51 tu kati ya 500. Alimshinda Megawati kwa kura 373 dhidi ya 313, na nyingi katika hizo ni kura za kuazima. Jeshi nalo lilikuwa lingali na viti vyake, na Aceh kunawaka moto.

Mema aliyatenda. Aliivunja Wizara ya Habari, iliyoyabana magazeti miaka mingi. Akawaruhusu raia wa asili ya Kichina washerehekee mwaka wao mpya hadharani. Akamsimamisha uwaziri Jenerali Wiranto. Lakini wabunge aliwafananisha na watoto wa chekechea. Aprili 2000 akawafukuza mawaziri wawili wa vyama vikubwa kuliko chake. Bunge lilipomwita aeleze sababu, akasema hawana haki ya kumuuliza.

Na Mtume (S.A.W.), siku ya Uhud, rai yake ilikuwa kubaki Madina, wengi wakataka kutoka, naye akatoka nao. Ajabu ni kwamba hata jina la Baraza lile, kwa lugha yao, lina neno la asili moja na hili letu la “shauri”.

Usiku wa kuamkia Julai 23, 2001, alitangaza kulisimamisha Baraza. Jeshi halikumtii. Siku ile ile Baraza likamuuzulu, Megawati akaapishwa. Jioni Wahid alitoka barazani pa ikulu, amevaa suruali fupi, akawapungia mkono wafuasi ambao hakuweza kuwaona.