Kitabu cha Kilwa na Kupima Hoja

Mwanafunzi wa chuo aanzaye kusoma historia ya pwani yetu hukabidhiwa maandishi mengi juu ya jambo moja, nayo hayapatani. Juu ya Kilwa pekee hupewa kitabu cha Kiarabu, sura za Mreno, safari ya Ibn Battuta, taarifa za wachimbaji wa magofu, na siku hizi makala ya wataalamu wa vinasaba. Aghalabu swali lake la kwanza ni hili: katika hao wote, msema kweli ni yupi? Swali hilo lina haki yake, walakini huja kabla ya wakati wake. Kwanza yampasa kujua kila mmoja asema nini hasa, na amelijuaje.

Na tuanze na asili ya wafalme wa Kilwa, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Habari yao imetufikia kwa njia mbili za kale. Moja ni kitabu cha Kiarabu kilichotungwa katika karne ya 16, ambacho nakala yake iko London, na S. Arthur Strong akakichapa mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa João de Barros katika kitabu chake cha 1552. Barros alikuwa mtumishi mkubwa wa mfalme huko Lisbon, wala hakufika Kilwa kamwe; alifanyia kazi karatasi zilizoletwa na mabaharia na askari.

Kitabu cha Kiarabu chasema kuwa sultani wa Shirazi aliota panya mwenye pua ya chuma akitafuna ukuta wa mji, akafahamu kuwa nchi yao itaangamia, akasafiri na wanawe sita katika merikebu saba. Kila merikebu ilitia nanga mahali pake, na mmoja wao akafika Kilwa. Barros hana panya wala merikebu saba. Kwake yeye mwanzilishi ni Ali, mwana wa sultani kwa mama mtumwa wa Kihabeshi, aliyedharauliwa na nduguze waliozaliwa na mama wa Kiajemi. Akaondoka Hormuz na merikebu mbili ili atafute mahali ambapo hapana wa kumdharau. Wote wawili wakubaliana kuwa kisiwa kilinunuliwa kwa nguo.

Mwanafunzi hodari husoma hayo akacheka. Nguo za kuzunguka kisiwa kizima! Huandika pambizoni neno "ngano", akafunga kitabu. Lakini hadithi yaweza kuwa ngano nayo ikawa ushahidi, ila si ushahidi wa jambo inalolisimulia. Mtu ashikaye hati ya kununua hujilinda na mtu asemaye kuwa amenyang'anywa. Hadithi ya nguo yatujulisha kuwa katika karne ya 16, kizazi kilichoushuhudia mji ukishambuliwa na Wareno mwaka 1505, wakubwa wa Kilwa waliona haja ya kueleza kwa haki gani walitawala. Juu ya karne ya 10 au ya 11 yatueleza machache zaidi.

Ibn Battuta tumpitie upesi. Alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu ukarimu wa sultani, akasema kuwa nyumba za mji ni za miti. Msikiti mkuu wa mawe ulikuwapo hata hivyo, na jumba la Husuni Kubwa ni la enzi ya sultani huyo huyo. Wako wanaomwita mwongo kwa hilo. Mimi naona ni haraka mno: kitabu chake kilikamilishwa mwaka 1355, naye alikuwa akimsimulia mwandishi mwingine miji aliyoiona zamani. Shahidi akikosea juu ya kuta, hajakosea kwa hiyo juu ya sultani.

Sasa tuje kwa Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960. Wengi waliomtangulia walihesabu miaka ya wafalme kitabuni, wakaiweka nasaba ya Shirazi katika karne ya 10. Chittick aliiweka karatasi kando, akazitazama tabaka za udongo na sarafu za Ali bin al-Hasan, na katika makala yake ya 1965 akatoa hoja mbili: kwamba nasaba hiyo ilianza mwishoni mwa karne ya 12, na kwamba watu wake walitoka pwani ya Banadir, si Uajemi moja kwa moja. Hiyo ilikuwa kazi ya kiume, na kwa miaka karibu 20 wanafunzi waliisoma kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba: zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, miongoni mwake zenye jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi zilizoonyesha kuwa mali ile ni ya karne ya 11. Tarehe ya Chittick ikatikisika. Basi mwanafunzi huandika kuwa Chittick ameanguka. Chittick yupi? Hoja ya tarehe imepata jeraha kubwa. Hoja ya Banadir haikuguswa na sarafu hizo hata kidogo. Tena haijathibitishwa kuwa Ali wa sarafu ndiye Ali wa kitabu; Ali mwana wa Hasan ni jina la watu wengi katika nchi za Kiislamu.

Mwanafunzi mmoja wa Pemba, ambaye jamaa zake hujiita Washirazi, aliniuliza kama akiandika kuwa wazee wake hawakutoka Shirazi atakuwa amewaita waongo. Swali lake halikuwa la darasani tu. Reginald Coupland alipotoa kitabu chake mwaka 1938, jina lake peke yake, ambalo ni Afrika ya Mashariki na wavamizi wake, lilikwisha kumwonyesha msomaji mahali pa kusimama: wenye kutenda ni wageni. Na mwaka 1957, chama cha Afro-Shirazi kilipoundwa Unguja, neno Shirazi lilibeba kura na urafiki na uadui. Nilimjibu kuwa asili ya jina na asili ya damu ni mambo mawili, na kila moja lina ushahidi wake.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa tangu takriban mwaka 1250 hata 1800, wengi wao katika miji ya pwani. Ilionekana kuwa Waafrika na watu wa Asia walianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000. Kwamba upande wa kike asili ni ya Kiafrika kwa wingi, na upande wa kiume una asili kubwa ya Kiajemi. Nikasikia wanafunzi wakisema, "Sayansi imekwisha kuamua." Imeamua nini? Aghalabu makaburi hayo ni ya wakubwa, waliozikwa karibu na misikiti. Wavuvi na wakulima wa mji ule hawakuulizwa. Wala damu haisemi lugha: Kiswahili ni cha Kibantu, na hakuna mfupa utakaolipinga hilo.

Liko jambo lingine ambalo makala hiyo ingaliweza kulikuta katika maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1907 Carl Velten alichapa habari za Kilwa kama zilivyosimuliwa kwa lugha yetu. Humo Mshirazi anunuaye kisiwa kwa nguo amwoa pia binti wa Mrimba, mkubwa wa mahali pale. Habari hii hutajwa mwisho, kwa kuwa ni ya juzi na ya mdomo. Nayo ndiyo inayosema waziwazi kuwa baba alikuwa mgeni na mama mwenyeji.

Kwa Barros naye yumo mama, yule mtumwa wa Kihabeshi; katika kitabu cha Kiarabu hayumo. Ama karatasi iliyofika Lisbon ilikuwa na habari ambayo mwandishi wa Kilwa aliiacha kwa kusudi, ama aliongezwa njiani na mtu aliyetaka kuwapunguzia heshima masultani. Hilo ningependa mwanafunzi aliandikie insha, na vitabu vyote viwili viwe wazi mbele yake.